Uvuvi katika Minecraft ya wachezaji wengi: kinachotokea majini kabla chelezo hakijazama

Wengi wetu tunaovua katika Minecraft, mchezo wa kompyuta wenye dunia iliyojengwa kwa bloku, tulianza kwa kuiga: tulimwona mtu amesimama ukingoni mwa maji, amerusha mshipi na anatazama chelezo, nasi tukafanya vivyo hivyo. Kilichotoka tukakiita bahati. Bahati imo, lakini sehemu yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu nyuma ya kile chelezo chekundu na cheupe kuna hesabu tatu za muda zinazofuatana, kura inayoamua kitakachotoka, na sharti moja la maji ambalo wachezaji wengi hawalijui hata baada ya kuvua kwa miaka. Ninaandika hapa kuhusu toleo la Java, kwa kuwa ndilo ninalolicheza na wenzangu kwenye seva, na pale ambapo Bedrock, yaani toleo la simu na konsoli, linapokwenda njia yake nitalitaja.

Fimbo na gharama zake

Fimbo ya kuvulia hutengenezwa kwa vijiti 3 na nyuzi 2 kwenye meza ya ufundi. Vijiti hupangwa mshazari kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia, na nyuzi hukaa chini ya kile kijiti cha juu, kama mshipi unavyoning'inia. Vijiti hupatikana popote penye mti. Nyuzi hutoka kwa buibui, kwa hiyo mchezaji mpya asiye na upanga wa maana afadhali amvizie buibui mchana, kwani kwenye mwanga mkali hamshambulii mtu asipochokozwa.

Katika Java fimbo mpya ina uhai wa matumizi 64, na si kila mvuto una bei moja. Ukivuta kitu halali kutoka majini, fimbo hupoteza 1. Chelezo kikitua nchi kavu na ukakivuta, hupoteza 2. Ukinasa kitu kilichodondoka chini, hupoteza 3, na ukinasa kiumbe au mchezaji mwenzako, hupoteza 5. Yule rafiki anayependa kuwavuta watu kwa ndoana ukingoni mwa jabali anapaswa kujua kwamba mzaha wa kumi na tatu utaivunja fimbo yake. Kuvuta mshipi mtupu kutoka majini, kwa upande mwingine, hakuigharimu fimbo chochote. Kunakugharimu muda, na hilo tutaliona hivi punde.

Mshipi una urefu wa bloku 32. Ukisogea mbali zaidi ya hapo kutoka kwa chelezo, unakatika, na ukibadilisha kitu ulichoshika mkononi, chelezo kinatoweka vilevile. Jambo hili huwakuta sana wanaotaka kula huku wanavua. Wakizungusha kipanya na kuchagua mkate, wamekwisha kuipoteza ile zamu. Fimbo ishikwe mkono mmoja na chakula mkono wa pili.

Hesabu tatu za muda

Seva ya Minecraft hupiga hesabu zake kwa tiki, na inapokuwa na afya hupiga tiki 20 kila sekunde. Mara chelezo kinapotulia majini, seva huchagua kwa kubahatisha idadi ya tiki kati ya 100 na 600, yaani sekunde 5 hadi 30, na kuanza kuzihesabu kurudi nyuma. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza, na wakati wake wote hakuna samaki yeyote anayekuja. Utaona vitone vya maji vikirukaruka hapa na pale kando ya chelezo, navyo ndivyo vinavyowadanganya wageni wakavuta mapema. Ukivuta wakati huu hupati kitu, na hesabu itaanza upya utakaporusha tena.

Hesabu ya kwanza ikiisha, inaanza ya pili, ambayo ni ya tiki 20 hadi 80, kati ya sekunde 1 na 4. Hapa sura ya maji inabadilika: mkondo mwembamba wa mapovu hutokea mbali kidogo na kuja kwenye chelezo kwa njia ya kupindapinda, kama kitu kinachokata maji chini kwa chini. Mtu aliyezoea hulegeza macho wakati wote wa hesabu ya kwanza na kuyakaza hapa tu.

Mkondo ukifika, samaki amedona. Chelezo kinazama, sauti ya maji kurushwa inasikika, na hesabu ya tatu inaanza, iliyo fupi kuliko zote: tiki 20 hadi 40, yaani sekunde 1 hadi 2. Ndani ya muda huo bonyeza kitufe kile kile ulichorushia mshipi, nacho kitu kitaruka kutoka majini kuja kwako pamoja na alama za uzoefu kati ya 1 na 6. Ukichelewa, usiuondoe mshipi kwa hasira. Hesabu ya kwanza inaanza yenyewe upya, chelezo kikiwa pale pale, kwa hiyo kuvuta na kurusha tena hakukuongezei kitu.

Ukijumlisha wastani wa hesabu ya kwanza, sekunde 17.5, na wastani wa ya pili, sekunde 2.5, utapata kama sekunde 20 za kungoja kwa kila kitu kimoja. Ukiongeza sekunde moja ya kuvuta na kurusha tena, fimbo tupu isiyo na talasimu yoyote, yaani nguvu ya ziada inayotiwa kwenye kifaa, itakupa vitu kama 170 kwa saa, ikiwa hukosi hata kimoja.

Anga na mvua

Hesabu mbili za kwanza hazisongi kwa mwendo uleule kila mahali. Kama bloku iliyo juu ya chelezo haioni anga, basi katika kila tiki kuna nafasi nusu kwa nusu kwamba hesabu haitasogea kabisa, maana yake ni kwamba kungoja kunakuwa maradufu: zile sekunde 20 zinakuwa 40. Kama mvua inanyesha juu ya chelezo, katika kila tiki kuna nafasi ya asilimia 25 kwamba hesabu itasogea hatua mbili badala ya moja, na sekunde 20 zinashuka hadi 16 kwa wastani. Hesabu ya tatu haiguswi na lolote kati ya hayo.

Kinachoangaliwa ni chelezo, si mvuvi. Unaweza kukaa kibarazani, chini ya paa, ukiwa salama na radi, na kurusha mshipi nje. Hilo halina adhabu yoyote. Usiku nao hauna adhabu, kwa sababu mchezo unauliza kama anga lipo juu, hauulizi kama jua limechomoza. Kioo ni jambo la kufurahisha zaidi. Kwa kuwa kinapitisha mwanga wa anga, chelezo kilicho chini ya paa la kioo kinahesabiwa kuwa kinaona anga, lakini mvua haipiti, kwa hiyo ile nafuu ya asilimia 25 hutaipata. Majani ya miti hupunguza mwanga, basi usirushe chini ya mti unaotanda juu ya maji hata kama kivuli chake kinapendeza.

Jangwani hainyeshi, na kwenye nchi ya barafu inaanguka theluji, ambayo haihesabiwi kuwa mvua. Zaidi ya hapo, mahali ulipo hapana maana kubwa. Samaki unaowaona wakiogelea, walioingizwa katika mchezo kwa toleo la 1.13 la mwaka 2018, hawahusiani na wale unaowavua. Unaweza kuvua chewa katika shimo ulilolijaza maji kwa ndoo katikati ya mchanga. Wala samaki hawapungui. Watu 10 wakivua mahali pamoja, kila chelezo kina hesabu yake, na hakuna anayempunguzia mwenzake.

Kura inayopigwa unapovuta

Kitu utakachokipata hakikuwepo majini kabla hujavuta. Seva hupiga kura sekunde ile ile unayobonyeza kitufe, na njia nyepesi ya kuielewa ni kufikiria bahati nasibu yenye tiketi 100: tiketi 85 za samaki, 10 za takataka na 5 za hazina. Mgawanyo huu wa makundi matatu uliingia kwa toleo la 1.7.2 mwezi Oktoba 2013. Kabla ya hapo mvuvi alikuwa akipata samaki tu.

Tiketi ikiangukia samaki, inapigwa kura ya pili: asilimia 60 ni chewa, 25 ni samoni, 13 ni bunju, na 2 zilizobaki ni samaki wa rangi wa nchi za joto. Watu wa pwani hawahitaji kuambiwa wasimle bunju, na mchezo unakubaliana nao, kwani ukimla anakutia sumu. Lakini usimtupe, maana ndiye anayetumika kutengeneza dawa ya kupumua chini ya maji. Takataka ni majani ya yungiyungi, mabakuli, ngozi, buti za ngozi zilizochakaa, nyama iliyooza, mifupa, vijiti, nyuzi, chupa za maji, kulabu za mitego na, mara chache sana, vifuko 10 vya wino kwa mkupuo. Si zote za kutupa: mchezaji aliyeanza leo atafurahia ngozi na nyuzi kuliko samaki wa tano.

Hazina ni sita, na kila moja ina nafasi sawa na mwenzake: upinde wenye talasimu, kitabu cha talasimu, fimbo ya kuvulia yenye talasimu, kibandiko cha jina, kombe la nautilasi na tandiko. Tandiko limeshuka thamani tangu toleo la 1.21.6 la mwaka 2025 liliporuhusu litengenezwe kwa mkono. Kwa maoni yangu kitabu ndicho kinachomfanya mtu akeshe, kwa sababu kinaweza kubeba talasimu iitwayo Mending, inayotengeneza kifaa kwa alama za uzoefu, ambayo meza ya kawaida ya talasimu haitoi hata uitumie mara ngapi. Nafasi yake, hata hivyo, isikufanye uote: hazina ni 5 katika 100, kitabu ni moja ya hazina sita, kwa hiyo fimbo tupu itakupa kitabu kimoja, chochote kile, katika kila vitu 120 unavyovuta.

Maji wazi

Hapa ndipo nilipopotezea muda wangu. Kwenye seva tuliyokuwa tukicheza watu wanane nilijijengea nyumba nzuri yenye kidimbwi sebuleni, bloku 3 kwa 3, kina cha bloku moja, paa la mbao juu yake na taa pembeni. Nilikuwa na fimbo yenye talasimu zote nilizozitamani. Nikavua jioni tatu mfululizo, nikajaza kasha zima chewa na samoni, na sikupata hata tandiko moja. Niliapa kwamba mwenye seva amepunguza hazina kwa siri. Hakuwa amepunguza chochote. Kidimbwi changu kilikuwa kimeziondoa tiketi zote za hazina katika ile bahati nasibu, na lile paa lilikuwa limenicheleweshea kungoja maradufu juu yake.

Tangu toleo la 1.16 la mwezi Juni 2020, Java haitoi hazina isipokuwa chelezo kiwe katika maji wazi. Seva hukagua eneo la bloku 5 kwa 5 ambalo chelezo kiko katikati yake, katika tabaka nne: tabaka moja chini ya bloku yenye chelezo, tabaka ya chelezo chenyewe, na mbili zilizo juu. Kila tabaka lazima iwe ya aina moja, ama maji matupu ama hewa tupu, na maji yawe chini, hewa juu. Kwa lugha ya fundi, chelezo kinapoelea juu ya maji kinahitaji chini yake bwawa la 5 kwa 5 lenye kina cha bloku 2, na juu yake bloku 2 za hewa isiyo na ukuta, ngazi wala uzio ndani ya eneo hilo.

Maji yenyewe ni lazima yawe ya chanzo, si yanayotiririka, ndiyo maana mfereji unaopendeza macho haufai. Majani ya yungiyungi juu ya maji hayaharibu kitu, yanahesabiwa pamoja na hewa. Mwani unaomea ndani ya maji hauharibu pia, kwa kuwa hauna umbo gumu la kugongwa. Lakini ngazi au nusu bloku iliyozamishwa majini inaharibu, hata ikiwa moja tu na iko pembeni kabisa mwa zile bloku 5.

Kwa hiyo ukijenga bwawa, usilijenge la 5 kwa 5, kwa sababu itakubidi chelezo kiangukie bloku ya katikati kila mara. Jenga la 9 kwa 9 na uruhusu mkono kukosea bloku 2 kila upande. Au acha kujenga: nenda baharini, panda mtumbwi, rusha mbali na ukingo. Ukaguzi huu hufanyika samaki anapokaribia na anapodona, basi mwenzako akitumbukiza bloku katika eneo hilo wakati mapovu yanakuja, hazina imekwenda, hata akiiondoa kabla hujavuta.

Bedrock haina sharti hili. Mchezaji wa simu anaweza kupata hazina kwenye kidimbwi kama kile changu, na fimbo yake ina uhai wa matumizi 384 badala ya 64. Ushauri mwingi unaokinzana unaousikia kuhusu uvuvi unatokana na watu wa matoleo mawili kuzungumza kana kwamba wanacheza mchezo mmoja.

Talasimu zipi, na kwa utaratibu gani

Fimbo inapokea talasimu nne za maana, na zote zinakaa pamoja bila ugomvi: Lure, Luck of the Sea, Unbreaking na Mending. Tatu za mwanzo zina ngazi hadi ya III.

Lure inapunguza hesabu ya kwanza kwa sekunde 5 kwa kila ngazi. Lakini angalia kinachotokea namba inapoanguka chini ya sifuri: seva haisemi samaki aje papo hapo, bali inachagua namba nyingine hadi ipate iliyo juu ya sifuri. Matokeo yake ni kwamba wastani wa hesabu ya kwanza hushuka kutoka sekunde 17.5 hadi 12.5 kwa ngazi ya I, kisha kama 10 kwa ngazi ya II, kisha kama 7.5 kwa ngazi ya III. Ngazi ya kwanza inakupa nafuu kubwa kuliko zinazofuata, kwa hiyo ukiwa na Lure I usijione fukara. Kwa Lure III kungoja kote ni kama sekunde 10, na vitu kwa saa vinapanda kutoka 170 hadi kama 325.

Luck of the Sea haigusi muda, inagusa tiketi. Kila ngazi huongeza tiketi 2 za hazina, huondoa 2 za takataka na huondoa 1 ya samaki. Katika ngazi ya III samaki wana 82, hazina 11 na takataka 4, jumla 97; gawanya 11 kwa 97 upate asilimia 11.3. Hapo kitabu kinatoka mara moja katika kila vitu 53 badala ya 120. Katika maji yasiyo wazi talasimu hii hufanya kazi moja tu, kupunguza takataka, na ndiyo iliyokuwa ikinipa moyo kule sebuleni: kasha lilikuwa safi, nikadhani mambo yanakwenda vizuri.

Watu hubishana ipi itangulie. Nimepiga hesabu. Luck of the Sea III peke yake, kwa vitu 170 kwa saa, inatoa hazina kama 19. Lure III peke yake, kwa vitu 325 kwa asilimia 5, inatoa kama 16. Tofauti ni ndogo, ilhali Lure inakuletea pia samaki na alama za uzoefu karibu maradufu, na alama hizo ndizo utakazolipia talasimu nyingine kwenye meza. Mimi ningeanza na Lure. Zikikutana zote mbili, unafika kama hazina 37 kwa saa.

Mending huziba tundu la mwisho. Kila alama moja ya uzoefu hurejesha uhai 2 kwenye kifaa, na kila mvuto hukupa alama 3.5 kwa wastani, sawa na uhai 7, huku ukitumia 1 tu. Fimbo yenye Mending haichakai ikiwa kazi yake ni kuvua, na Unbreaking inabaki kuwa pambo. Kabla hujaipata, Unbreaking III, inayochelewesha fimbo kuchakaa, ina thamani, tena hasa katika Java ambako uhai ni 64.

Seva, mtandao na watu wengine

Kila nilichokieleza hadi sasa hufanyika kwenye seva, si kwenye kompyuta yako. Unachokiona ni habari iliyokwisha kutokea, na kubonyeza kwako ni barua inayosafiri kwenda kule. Pingi ndiyo jumla ya safari hizo mbili. Tuseme seva iko Ulaya na pingi yako ni milisekunde 200: katika ile sekunde 1 ya udonaji mfupi kabisa, milisekunde 200 zimekwenda njiani, na robo sekunde nyingine imekwenda kati ya jicho na kidole chako. Zimebaki 550, ambazo zinatosha. Bando likidhoofu na pingi ikapanda hadi 600, zinabaki kama 150, na hapo utaanza kukosa samaki ambao macho yako yanaapa kwamba uliwawahi.

Dawa ya hali hiyo ni kuacha kungoja chelezo kizame. Fuata mkondo wa mapovu, na mkondo unapokigusa chelezo kwenye skrini yako, bonyeza. Kule kwenye seva samaki amekwisha kudona muda kidogo uliopita, na kubonyeza kwako kutafika ndani ya muda. Washa pia maandishi ya sauti katika mipangilio ya mchezo, ambayo huandika pembeni mwa skrini kila chelezo kinaporusha maji; yanamsaidia asiyesikia vizuri na yule anayecheza sebuleni wengine wakitazama mpira.

Seva iliyolemewa ni shida ya namna nyingine. Ikishuka kutoka tiki 20 hadi 10 kwa sekunde, kungoja kwako kunakuwa maradufu, lakini muda wa udonaji nao unakuwa maradufu, kwa kuwa vyote vinahesabiwa kwa tiki. Kwa hiyo ukiona unakosa samaki, laumu mtandao. Ukiona samaki hawaji, angalia kwanza paa, kisha umwulize mwenye seva.

Kitu unachokivuta hakina mwenyewe mpaka kikufikie. Kinaruka hewani kutoka kwenye chelezo kuja upande wako, na mchezaji aliyesimama katikati ya njia anaweza kukiokota, wakati alama za uzoefu zinatokea karibu nawe. Katika seva ya marafiki ni kicheko; katika seva ya wageni ni wizi wa kila siku. Simama mahali ambapo hakuna anayeweza kukaa kati yako na maji, na usiache uzio mbele yako, kwa sababu kitu kikigonga uzio kinarudi majini.

Kuhusu mashine za kuvua peke yake wakati mchezaji amelala, kabla ya toleo la 1.16 zilikuwa njia ya kujaza vitabu kwenye makasha. Nyingi zilitumia tundu dogo la maji, na sharti la maji wazi liliziachia samaki na takataka tu. Seva nyingi huwafungia wanaotumia programu za kubonyeza kitufe zenyewe, na nyingine huwaondoa walioacha kusogea. Muulize mwenye seva kabla hujajenga. Muulize pia kama ameweka viongezi, yaani programu za ziada zinazobadilisha seva, kwa maana kiongezi kama mcMMO huufanya uvuvi kuwa ujuzi wenye ngazi zake na tuzo zake, na hesabu za hapo juu hazitatosha kueleza kinachotoka.

Samaki wenyewe hawana mambo mengi. Chewa aliyepikwa hurejesha alama 5 za njaa na samoni 6. Chewa mbichi 15 mvuvi wa kijijini hununua kwa zumaridi moja, mradi uwe umefanya naye biashara kidogo akapanda ngazi. Anayetaka paka anamvutia kwa chewa au samoni mbichi, akimsogelea polepole.

Mwisho ni kwa wanaocheza kwenye simu. Siku hizi seva nyingi za Java zimeweka Geyser, kiongezi kinachowaruhusu watu wa Bedrock kuingia. Ukiingia kwa njia hiyo, skrini ni ya simu yako lakini hesabu ni za seva: fimbo yako ina uhai wa 64, na kidimbwi kilichokuwa kikikupa matandiko nyumbani hakitakupa hazina hadi ukichimbe kiwe 5 kwa 5, kina cha bloku 2.